Chuo Kikuu cha Wenye Jembe

Na Bwana Shamba wa Kata, Nyabibuye

Neno "chuo kikuu" tunalisikia redioni kila siku. Wengi wetu tunafikiri ni mahali pa watu wa mjini, wenye viatu vinavyong'aa. Katika mkutano mmoja wa kijiji hapa Nyabibuye, mzee mmoja alisimama akaniuliza maswali mawili. La kwanza: "Bwana shamba, hicho chuo kikuu kinatusaidia nini sisi wenye jembe?" La pili: "Mjukuu wangu naye anaweza kufika huko?" Siku ile nilijibu kwa kifupi, maana mkutano ulikuwa na mambo mengi na mvua ilikuwa inakuja. Leo nitayajibu kwa urefu.

Nchi yetu sasa ina vyuo vikuu vingi. Mimi nitaeleza kimoja tu, kwa sababu kazi yake ni kazi yetu. Ni Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Watu wengi wanakiita SUA. Ni chuo cha umma, maana yake ni mali ya wananchi wote, na wewe pia.

CHUO KIKO WAPI

SUA iko Morogoro mjini, chini ya milima ya Uluguru. Kutoka hapa kwetu utapita Kakonko, Nyakanazi, Kahama, Nzega, Singida na Dodoma. Ni kama kilometa elfu moja. Wazee wetu walizoea kushuka Kigoma na kupanda treni. Reli ya Kati nayo inapita Morogoro.

Ukifika usitazamie kuona majumba peke yake. Utaona mashamba ya mahindi na maharage. Utaona ng'ombe, mbuzi, nguruwe, kuku na mabwawa ya samaki. Kuna hospitali ya wanyama, ambako mtu huleta mbwa au ng'ombe wake kama sisi tunavyopeleka mtoto zahanati. Kuna maabara pia. Maabara ni chumba chenye vifaa vya kupimia na kuchunguzia vitu. Udongo unapimwa humo, na ugonjwa wa mmea unatafutwa humo.

Mwanafunzi wa SUA anasoma vitabu asubuhi, na siku nyingine anashika jembe au anamkamua ng'ombe. Asiyetaka kuchafuka atapata taabu huko.

KILIANZAJE

Karibu wakati wote wa ukoloni hapakuwa na chuo kikuu hata kimoja Tanganyika. Kijana aliyetaka elimu ya juu ya kilimo alikwenda Makerere, Uganda. Waliofika huko walikuwa wachache sana. Wakoloni walihitaji makarani na wasimamizi wa pamba na kahawa. Hawakuwa na haja ya Mwafrika anayejua kwa nini pamba inaugua.

Mwezi Oktoba 1961, wiki chache tu kabla ya uhuru, chuo kikuu cha kwanza kilifunguliwa Dar es Salaam. Kilianza katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Wanafunzi hawakufika ishirini, na wote walisoma sheria. Mwaka 1963 chuo hicho kiliungana na Makerere na Nairobi kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Nchi tatu ziligawana kazi. Makerere ilifundisha kilimo na udaktari wa watu. Nairobi ilifundisha uhandisi na udaktari wa mifugo. Dar es Salaam ilibaki na sheria. Kwa hiyo Tanzania, nchi ya wakulima, ilikuwa bado inawapeleka vijana wake nje kwenda kusomea kilimo!

Morogoro palikuwa na chuo cha kilimo tangu mwaka 1965. Kilitoa stashahada. Stashahada ni cheti kilicho juu ya cheti cha kawaida na chini ya shahada. Mwaka 1970 umoja wa vyuo vile vitatu ulivunjika, kila nchi ikawa na chuo kikuu chake. Chuo cha Morogoro kikafanywa kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikaanza kutoa shahada. Kitivo ni tawi la chuo kikuu lenye somo lake. Mwaka 1974 yakaongezwa mafunzo ya misitu. Mwaka 1976 ukaongezwa udaktari wa mifugo.

Tarehe 1 Julai 1984 tawi likawa mti. Bunge lilipitisha sheria, na Morogoro ikawa chuo kikuu kinachojitegemea. Kilipewa jina la Ndugu Edward Moringe Sokoine. Alizaliwa Monduli mwaka 1938, mtoto wa wafugaji wa Kimasai. Alikuwa Waziri Mkuu mara mbili. Wazee wanakumbuka vita yake dhidi ya wahujumu uchumi mwaka 1983, wakati sabuni na sukari zilipofichwa maghalani. Tarehe 12 Aprili 1984 alikuwa anarudi Dar es Salaam kutoka Bungeni Dodoma. Gari lake lilipata ajali Dakawa, karibu na Morogoro, akafariki dunia. Miezi mitatu haijatimia, chuo kikaitwa kwa jina lake. Chuo cha kilimo kina jina la mtoto wa mfugaji, na mimi naona linakifaa.

WATU WEUSI WALIOFUNGIWA MLANGO

Hapa nataka kutoka kidogo nje ya nchi, halafu nitarudi Morogoro. Habari hizi zinahusiana.

Marekani walikuwako watu weusi mamilioni waliofanywa watumwa katika mashamba ya pamba. Utumwa ulikomeshwa mwaka 1865. Lakini katika majimbo ya kusini vyuo vingi vilikuwa vya wazungu, na mtu mweusi hakupokelewa humo. Mwaka 1871 jimbo la Mississippi lilifungua chuo cha watu weusi kinachoitwa Alcorn. Kisha mwaka 1890 ikapitishwa sheria. Ilisema kwamba jimbo likitaka fedha za serikali kwa chuo cha kilimo na ufundi, liwapokee weusi au liwajengee chuo chao. Majimbo mengi yalichagua kuwajengea cha peke yao, na fedha waliyowapa ilikuwa kidogo kuliko ya wazungu. Vyuo vikuu 19 vinahesabiwa leo katika kundi hilo la mwaka 1890. Sasa vinapokea watu wa rangi zote. Vingi kati yake vina shamba, kama SUA.

Kimoja katika kundi hilo, kingawa si cha serikali, ni Tuskegee katika jimbo la Alabama. Kilianzishwa mwaka 1881. Huko alifundisha George Washington Carver, mtu mweusi aliyezaliwa utumwani. Alifika Tuskegee mwaka 1896. Alikuta ardhi imechoka kwa kulimwa pamba mwaka hadi mwaka. Akawaambia wakulima wapande kunde, karanga na viazi vitamu. Kunde na karanga zinarudisha rutuba, na zote zinaliwa. Wakulima wengi hawakujua kusoma na hawakuwa na nauli ya kwenda chuoni. Basi mwaka 1906 chuo kikatengeneza gari la kukokotwa na nyumbu. Ndani walipakia mbegu, majembe na vyombo vya maziwa, gari likazunguka vijijini. Mwaka huohuo Thomas Campbell, kijana mweusi aliyesoma Tuskegee, aliajiriwa na serikali kufanya kazi ya kuwatembelea wakulima. Huyo ni bwana shamba mwenzangu. Mimi nina pikipiki, yeye alikuwa na nyumbu. Siku za matope nafikiri nyumbu alimfaa zaidi.

Turudi Afrika. Afrika Kusini mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mwaka 1953 serikali ya makaburu ilitunga sheria ya elimu ya Wabantu. Mtoto mweusi afundishwe kiasi cha kumtumikia mzungu, basi. Tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi wa Soweto waliandamana kupinga kufundishwa kwa lugha ya makaburu. Walipigwa risasi, na wengi waliuawa. Maelfu ya vijana walikimbia nchi yao kwa miguu, kwa kupitia Botswana, Swaziland na Msumbiji. Wengi walifika kwetu Tanzania. Walikuwa na umri wa kuwa darasani, lakini darasa halikuwako.

Serikali yetu iliwapa wapigania uhuru wa chama cha ANC shamba la mkonge lililoachwa, mahali panapoitwa Mazimbu, nje kidogo ya Morogoro. Hiyo ilikuwa mwaka 1977. Walifyeka. Walijenga wenyewe pamoja na mafundi wa Kitanzania, kwa msaada wa nchi marafiki. Walijenga madarasa, mabweni, hospitali na nyumba za kulelea watoto. Walilima na kufuga ili wale. Shule ikaitwa Solomon Mahlangu.

Solomon Mahlangu alikuwa nani? Alikuwa kijana wa Pretoria aliyezaliwa mwaka 1956. Baada ya mauaji ya Soweto alitoka nchini akajifunza vita, akarudi mwaka 1977. Alikamatwa Johannesburg baada ya wazungu wawili kuuawa kwa risasi. Si yeye aliyefyatua risasi hizo. Hata hivyo alinyongwa tarehe 6 Aprili 1979. Alikuwa na umri wa miaka 22.

Nelson Mandela alipotoka gerezani mwaka 1990, wakimbizi wakaanza kurudi kwao. Mwezi Julai 1992 ANC iliikabidhi Mazimbu kwa Serikali ya Tanzania. Majengo yakapewa SUA. Leo hapo ni Kampasi ya Solomon Mahlangu. Kampasi ni eneo moja la chuo chenye maeneo kadhaa. Vijana wa Kitanzania wanasoma hapo sayansi, ualimu na elimu ya jamii. Makaburi ya Waafrika Kusini waliofia ugenini yako palepale, yanatunzwa.

Sisi wa Kibondo, Kakonko na Kasulu tunajua maana ya kupokea wakimbizi. Tumewapokea watu wa Burundi na Kongo kwa miaka mingi, na tunajua pia uzito wake: kuni zinaisha, maji hayatoshi. Mazimbu ni mfano wa wakimbizi walioacha kitu. Waliacha chuo.

MBEGU YA MAHARAGE

Sasa swali la kwanza la mzee. Kinatusaidia nini?

Tuanze na maharage, maana huku kwetu ni chakula na ni fedha. Tangu miaka ya 1980 wataalamu wa SUA wamekuwa wakitafuta mbegu bora za maharage. Kazi hiyo ni ndefu. Unachukua mbegu moja inayozaa sana na nyingine inayostahimili ugonjwa. Unazizalisha pamoja. Unapanda, unachagua, unatupa zisizofaa, unapanda tena. Inachukua miaka. Mwaka 1990 walitoa mbegu iliyoitwa SUA 90. Mwaka 1997 ikafuata Rojo. Mwaka 2006 zikatoka mbili, Mshindi na Pesa.

Kuna jambo la kujifunza hapo. SUA 90 ilikuwa mbegu nzuri shambani. Lakini punje yake ni ndogo, na rangi yake ni ya kaki. Kila mama anayeuza sokoni anajua shida hiyo. Mnunuzi anachagua kwa macho kwanza. Anataka punje kubwa, nyekundu au yenye madoa, na haraka atauliza: yanaiva upesi? Kuni ni ghali. Kwa hiyo katika mbegu zilizofuata wataalamu waliangalia pia rangi, ladha na muda wa kukaa jikoni. Rojo ni nyekundu. Kwa maoni yangu, hapo chuo kilifundishwa na jiko la mama.

Maharage yana faida nyingine. Ua lake hujichavusha lenyewe. Kwa hiyo ukipata kilo mbili za mbegu bora, unaweza kuchagua punje safi za mavuno yako ukazipanda tena misimu kadhaa bila kuharibika haraka. Siyo kama mahindi chotara, ambayo kila mwaka lazima ununue. Lakini uchague kutoka mashina yasiyo na ugonjwa, tena ungali shambani, majani yakiwa bado yanaonekana. Ukisubiri mpaka uyapure, utajuaje shina lipi lilikuwa gonjwa?

Taabu yetu kubwa ni kwamba mbegu inatoka Morogoro na kufika Nyabibuye kwa kuchelewa, au haifiki. Hilo si kosa la mbegu. Watu wa kuizalisha njiani ni wachache. Kikundi cha wakulima kinaweza kufanya kazi hiyo kwa shamba dogo tu, na kuwauzia jirani.

PANYA WABAYA NA PANYA WAZURI

SUA ina taasisi ya kuchunguza viumbe waharibifu. Kwa miaka mingi wamemchunguza panya wa mashambani, yule mdogo mwenye kuzaa watoto kumi au zaidi kwa uzazi mmoja. Waliwatega, wakawatia alama, wakawaachia, wakawatega tena mwezi uliofuata. Kwa njia hiyo walijua wanaongezeka lini na kwa nini. Waliona kwamba mvua zikinyesha vizuri mapema, majani na mbegu za porini huwa nyingi, panya huzaa sana, na miezi inayofuata huwa ya hasara.

Waliona pia jambo linalotuhusu moja kwa moja. Hasara kubwa ya mahindi hutokea siku chache za mwanzo baada ya kupanda. Panya hufukua punje kabla haijaota, au hula mche mchanga. Baada ya majuma mawili mche huwa umepona. Kwa hiyo kutega panya wakati mahindi yana magoti ni kazi ya bure. Tega kabla ya kupanda na siku zile za kupanda. Fyekeni mipaka ya mashamba. Tena pandeni kwa pamoja, mtaa mzima ndani ya siku chache. Anayepanda peke yake anawalisha panya wa kijiji kizima.

Lakini Morogoro kuna panya wengine wanaopendwa na kulishwa ndizi. Ni panya buku. Tangu mwaka 2000 shirika moja lenye asili ya Ubelgiji, linaloitwa APOPO, linafanya kazi pamoja na SUA kuwafundisha panya hawa kunusa. Panya buku haoni vizuri, lakini pua yake ni kali sana. Wanamfundisha kunusa baruti ya bomu lililofukiwa ardhini. Akiinusa, anakwaruza mchanga, halafu anapewa kipande cha ndizi. Uzito wake ni mdogo, kwa hiyo bomu halilipuki akipita juu yake. Panya kutoka Morogoro walitumika Msumbiji, nchi iliyokuwa imejaa mabomu ya vita. Mwaka 2015 Msumbiji ilitangazwa kuwa imesafishwa.

Panya mmoja aliitwa Magawa. Alizaliwa Tanzania mwaka 2013. Alipelekwa Kambodia, nchi ya bara la Asia, mwaka 2016. Alinusa mabomu na baruti zaidi ya mia moja. Mwaka 2020 alipewa medali ya dhahabu na shirika moja la wanyama la Uingereza. Alistaafu mwaka 2021 na akafa mwezi Januari 2022. Ninajua wengine mtacheka. Hapa kwetu kuna watu wanaomla panya buku kwa ugali. Lakini wakulima wa Kambodia wanalima leo mahali ambapo walikuwa wanaogopa kukanyaga.

Wengine wamefundishwa kunusa kifua kikuu katika makohozi. Makohozi yaliyopimwa zahanati na kuonekana hayana ugonjwa yanapelekwa kwa panya. Panya mmoja anaweza kunusa makohozi ya watu mia moja kwa dakika ishirini. Akionyesha dalili, yanapimwa tena kwa mashine. Wagonjwa wengi wamepatikana kwa njia hiyo, ambao wangerudi nyumbani na kuwaambukiza watoto wao.

CHUO KINAPOJIFUNZA KWA MKULIMA

Nisiwafiche, wako wasomi wanaokuja kijijini na kudhani mkulima hajui kitu. Lakini SUA imeonyesha pia njia nyingine. Huko Mbinga, mkoa wa Ruvuma, Wamatengo wanalima milimani kwa mtindo wao wa ngoro. Wanafyeka majani, wanayalaza yakipishana kama miraba, halafu wanachimba udongo wa katikati na kuyafunika. Mlima wote unakuwa na mashimo mengi kama sega la nyuki. Mvua ikinyesha, maji yanakaa ndani ya mashimo, hayachukui udongo. Majani yanaoza na kuwa mbolea. Hakuna profesa aliyewafundisha. Miaka ya 1990 watafiti wa SUA na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, walikwenda kukaa nao ili wajifunze kwa nini ngoro inafanya kazi. Wenye mashamba ya miteremko Kasulu na Buhigwe, habari hii ni yenu.

Mfano mwingine uko Mgeta, milimani Uluguru. Miaka ya 1980 chuo kilileta mbuzi wa maziwa kutoka Norwei na kuwapa wakulima wa huko. Kuna baridi, na mashamba ni madogo, ng'ombe hana pa kulala. Mbuzi akafaa. Watoto wakapata maziwa, na mboji ikaenda kwenye mboga.

Na madaktari wa mifugo? Kwa miaka mingi SUA ndiyo iliyokuwa peke yake nchini kutoa shahada hiyo. Daktari wa mifugo Mtanzania akija wilayani, uwezekano ni mkubwa kwamba alisomea Morogoro. Lawama yangu ni moja. Wengi wanaohitimu wanatafuta kazi mijini, na kata nyingi zinabaki na mtu mmoja mwenye cheti kama mimi, anayeulizwa habari za kahawa, kuku na nyuki kwa siku moja.

MJUKUU ATAFIKAJE

Swali la pili. Ndiyo, anaweza. Lakini njia ina vizuizi, na vingine viko nyumbani kwetu.

Tangu mwaka 2016 mtoto halipi ada mpaka kidato cha nne. Tangu mwaka 2022 halipi ada kidato cha tano na cha sita pia. Kwa hiyo ada si kisingizio tena, ingawa madaftari, sare na chakula bado ni mzigo. Anayetaka kusoma kilimo au mifugo anahitaji masomo ya sayansi, hasa baiolojia na kemia. Mtoto akiyaacha masomo hayo kidato cha pili kwa sababu ni magumu, mlango wa SUA umeanza kufungwa, na yeye hajui. Muulize anasoma nini. Hata kama wewe umeanza kusoma juzi tu katika kisomo, kumwuliza unaweza.

Anayemaliza kidato cha sita na kufaulu anaomba moja kwa moja. Yuko pia wa njia ndefu: anatoka kidato cha nne, anakwenda chuo cha kilimo au mifugo, anapata cheti, kisha stashahada, kisha shahada. Ni njia ya polepole, lakini mabwana shamba wengi wamepita humo. Shahada nyingi ni miaka mitatu au minne. Udaktari wa mifugo ni miaka mitano.

Fedha ya chuo kikuu ni nyingi. Serikali ina Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi mwaka 2005. Huo ni mkopo, si zawadi. Akipata ajira, mwajiri atamkata asilimia 15 ya mshahara mpaka uishe.

Mwombaji wa mkopo anatakiwa awe na cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA. Kama mzazi amefariki, kinatakiwa cheti cha kifo. Hapa ndipo watoto wetu wanapoanguka. Namjua kijana wa kata ya jirani aliyefaulu vizuri na kupata nafasi ya chuo. Hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Baba yake alifariki zamani, na kifo hakikuandikwa popote. Muda wa maombi ukapita wakati mama anatafuta karatasi. Kijana akalima muhogo mwaka mzima, huku wenzake wakiwa darasani. Alikwenda mwaka uliofuata. Wapo ambao hawakwenda kabisa. Sisi tuko mpakani, na mtu asiye na karatasi huulizwa maswali mengi. Mtoto akizaliwa, mwandikishe. Usisubiri afike kidato cha sita.

Wazazi wenye mabinti nao wanisikilize. Katika semina ninazohudhuria, wataalamu wa mbegu na wa lishe wanaotoka Morogoro ni pamoja na wanawake. Wanakaa barabarani siku nyingi, wanalala vijijini, wanapima mashamba, na hakuna anayeuliza kama wanaweza.

KARIBU ZAIDI KULIKO MOROGORO

SUA imefungua pia kampasi katika mkoa wa Katavi, jirani zetu. Inaitwa Kampasi ya Mizengo Pinda, kwa jina la aliyekuwa Waziri Mkuu kuanzia mwaka 2008 mpaka 2015. Kutoka Kasulu unapita Uvinza na Mpanda. Kampasi hiyo inafundisha shahada ya nyuki: namna ya kuwafuga, kutunza msitu wao, kupata asali na nta safi na kuuza. Sisi tuna miombo na tuna mizinga ya magome tuliyorithi kwa babu zetu. Asali ya Kibondo inajulikana mbali, ingawa mara nyingi inauzwa kwenye madumu na faida inabaki njiani.

Maombi ya chuo hutumwa kwa mtandao wa intaneti, na dirisha hufunguliwa matokeo ya kidato cha sita yakishatoka. Mwenye kijana anayesubiri matokeo aje naye ofisi ya kata siku ya Jumatano. Aje na namba yake ya mtihani na cheti chake cha kuzaliwa. Asiye na cheti aje vilevile, tena aje mapema.